Ron Barassi: Kocha aliyevuka mpaka wenye jina lake

Upo mpaka mmoja Australia ambao hauna geti, hauna forodha, wala ofisa uhamiaji wa kugonga mhuri. Unaanzia kaskazini, kwenye mpaka wa majimbo ya Northern Territory na Queensland, unashuka jangwani kupitia mji mdogo wa Birdsville, unakata kusini mwa jimbo la New South Wales na kuishia baharini kwenye rasi ya Cape Howe. Ukiwa magharibi au kusini mwa mstari huo, mtu akikwambia anakwenda kutazama mpira, ana maana ya kandanda ya Kiaustralia. Ukivuka kwenda Sydney au Brisbane, mtu huyo huyo anazungumzia raga.

Mwanahistoria Ian Turner wa Chuo Kikuu cha Monash ndiye aliyeuchora mstari huo kwa maneno mwaka 1978. Akaupa jina: Mstari wa Barassi. Jina hilo halikuwa la mvumbuzi wala gavana. Lilikuwa la kocha wa mpira aliyekuwa hai, mwenye miaka 42, ambaye wikiendi hizo alikuwa akiwafokea wachezaji wake kama kawaida. Miaka 15 baadaye kocha huyo alifunga virago akaenda kufanya kazi upande wa pili wa mpaka wake mwenyewe, mahali ambapo mchezo wake ulikuwa unakaribia kufa.

Anayepita Namanga, Busia au Rusumo na mzigo wake anaijua hali hiyo. Kuna mpaka unaofunguliwa kwa saini za mawaziri. Kuna na mpaka mwingine, wa mazoea, ambapo bidhaa yako inaruhusiwa kuingia lakini hakuna anayeitaka. Huo wa pili ndio mgumu zaidi.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe, maelezo machache yanatosha. Timu mbili za wachezaji 18 kila moja hucheza kwenye uwanja wenye umbo la yai, mara nyingi uwanja uleule unaotumika kwa kriketi. Mpira nao umechongoka kama yai. Kila upande una nguzo nne. Ukiupiga mpira kwa mguu ukapita katikati ya nguzo mbili ndefu, unapata pointi 6. Ukipita pembeni, kati ya nguzo ndefu na fupi, unapata pointi 1. Kuurusha kwa mkono ni marufuku, ila unaweza kuushika kwa kiganja kimoja na kuupiga kwa ngumi ya mkono mwingine kumpa mwenzako. Hakuna kuotea. Pambano lina robo nne, na fainali kuu huchezwa Septemba katika uwanja wa MCG mjini Melbourne.

Ronald Dale Barassi alizaliwa Februari 27, 1936 katika mji wa Castlemaine, jimbo la Victoria. Baba yake, aliyeitwa Ron vilevile, alikuwa mchezaji wa klabu ya Melbourne na alikuwamo kwenye kikosi kilichotwaa ubingwa mwaka 1940. Muda mfupi baadaye alivaa sare ya jeshi akapelekwa Afrika Kaskazini. Julai 1941 aliuawa Tobruk, Libya, wakati majeshi ya Australia yalipozingirwa na Wajerumani na Waitaliano. Mwanawe alikuwa na miaka mitano.

Klabu ya Melbourne haikumsahau mtoto huyo. Wakati ule wachezaji vijana waligawiwa kwa maeneo: ukiishi mtaa fulani, wewe ni mali ya klabu ya mtaa huo, utake usitake. Nyumbani kwa kina Barassi hakukuwa eneo la Melbourne. Klabu ikaiomba ligi ya Victoria, VFL, iweke kanuni kwamba kijana anaweza kuchezea klabu aliyoichezea baba yake. Ombi likakubaliwa, na Barassi akawa miongoni mwa vijana wa kwanza kunufaika. Kanuni hiyo ya baba na mwana ipo mpaka leo, japokuwa imefanyiwa marekebisho mengi.

Mama yake alipoolewa tena na kuhamia kisiwa cha Tasmania, kijana alibaki. Alichukuliwa na Norm Smith, kocha wa Melbourne, aliyekuwa mchezaji mwenza wa marehemu baba yake katika ubingwa wa 1940. Akaishi katika kijumba nyuma ya nyumba ya Smith. Mchana kocha wake, usiku mlezi wake, na inaelekea hakukuwa na saa hata moja ya kulegeza kamba. Smith alikuwa mtu mkali ambaye hakupenda kumsifu mchezaji bila sababu. Tabia hiyo iliingia kwenye damu ya kijana, na wachezaji wa klabu nne walikuja kuilipia jasho.

Alianza kuchezea timu ya wakubwa mwaka 1953, akiwa na jezi namba 31, ileile aliyovaa baba yake. Tatizo lilikuwa umbo. Alikuwa mfupi mno kuwa mrukaji wa kati, yule anayegombea mpira unaporushwa juu, na mnene mno kuwa mmoja wa wale wadogo wepesi wanaookota chini. Smith akamtengenezea kazi iliyokaa katikati ya hizo mbili: amfuate mrukaji kila aendako, agombee mpira wa juu na wa chini, apige kikumbo kila anayesimama njiani. Kazi hiyo ikawa nafasi rasmi ya kiuchezaji, na vizazi vilivyofuata viliikuta imeshaandikwa kwenye ubao.

Ubingwa ukaja kwa mafungu: 1955, 1956, 1957, 1959, 1960 na 1964. Katika miwili ya mwisho Barassi alikuwa nahodha. Ule wa 1964 Melbourne iliifunga Collingwood kwa tofauti ya pointi 4 tu. Mashabiki wakaenda nyumbani wakijua kwamba mwakani mambo yataendelea vilevile.

Hayakuendelea. Mwishoni mwa mwaka huohuo habari ilitoka kwamba Barassi anahamia Carlton kuwa nahodha na kocha kwa pamoja.

Ni vigumu kueleza leo, katika zama za wachezaji kuuzwa kila dirisha la usajili, namna habari ile ilivyowachoma watu. Klabu za Melbourne zilikuwa za mitaa. Mtu alizaliwa katika klabu yake kama anavyozaliwa katika ukoo. Na huyu hakuwa mchezaji wa kawaida. Alikuwa mtoto wa shujaa wa klabu aliyefia vitani, klabu ilibadilisha hadi kanuni za ligi ili impate, na kocha wake ndiye aliyemlea. Wapo waliomwita msaliti kwa miaka mingi.

Upande wake nao ulikuwa na hoja. Alikuwa na miaka 28, alitaka kufundisha, na pale Melbourne kiti cha ukocha kilikuwa na mwenyewe, ambaye ni Smith. Rais mpya wa Carlton, George Harris, alimwekea mezani madaraka na fedha. Carlton ilikuwa imemaliza nafasi ya 10 katika ligi ya timu 12, matokeo mabaya kuliko yote katika historia yake hadi wakati huo. Kwa maneno mengine, Barassi aliacha duka lililojaa wateja akaenda kufungua rafu tupu. Anayemwona alifuata fedha tu ajiulize ni nani angekubali biashara ile.

Melbourne ilimfukuza Norm Smith katikati ya msimu wa 1965, ikamrudisha baada ya siku chache, lakini nyufa zilikuwa zimeshaonekana. Klabu hiyo haikutwaa tena ubingwa hadi mwaka 2021. Miaka 57.

Carlton ilipanda hadi nafasi ya sita katika msimu wake wa kwanza. Mwaka 1968 ikafika fainali kuu dhidi ya Essendon, na matokeo yake bado yanazungumzwa na wapenda hesabu. Essendon ilifunga magoli 8 na pointi 5 za pembeni, jumla 53. Carlton ilifunga magoli 7 na pointi 14 za pembeni, jumla 56. Ilikuwa mara ya kwanza timu kushinda fainali kuu ikiwa na magoli machache kuliko mpinzani wake. Chenji ilishinda noti. Kwa Carlton ulikuwa ubingwa wa kwanza tangu 1947.

Lakini ukitaja jina la Barassi kwa Mwaustralia mwenye mvi, atakupeleka moja kwa moja kwenye Septemba 1970.

Siku hiyo watu 121,696 walijazana MCG, idadi ambayo haijafikiwa tena katika mchezo huo. Carlton ilikutana na Collingwood. Hadi mapumziko Collingwood ilikuwa na pointi 73 na Carlton 29. Tofauti ya pointi 44 katika fainali ni mzigo ambao hakuna timu iliyowahi kuutua na kushinda. Kwenye majukwaa mashabiki wa Collingwood walikwishaanza sherehe.

Kilichotokea katika chumba cha kubadilishia nguo kimesimuliwa mara nyingi mno, na kila msimulizi huongeza chumvi yake. Kiini chake hakibishaniwi. Barassi aliwaagiza wachezaji waache kupiga mipira mirefu na kuomba Mungu. Watumie pasi ya ngumi, tena na tena, hata wakiwa kwenye shida, na anayepokea asisimame, akimbie nao. Wakati ule pasi ya ngumi ilikuwa ya dharura, kitu unachofanya ukibanwa na huna njia. Yeye aliifanya kuwa njia kuu.

Uamuzi wa pili ulikuwa wa benchi. Alimtoa Bert Thornley akamwingiza Ted Hopkins, kijana mwembamba aliyekaa nje kipindi chote cha kwanza. Hopkins alifunga magoli manne. Mwisho wa robo ya tatu Carlton ilikuwa nyuma kwa pointi 17, na Collingwood walianza kutazamana. King'ora kilipolia ubao ulisomeka Carlton 111, Collingwood 101.

Hopkins alicheza mechi moja tu ya ligi baada ya hapo, kisha akaacha mpira wa ushindani. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Champion Data inayokusanya takwimu za mchezo huo. Barassi yeye akawa mtu aliyebadilisha mchezo kwa nusu saa. Sifa hiyo ni kubwa kidogo kuliko ukweli, kwa kuwa kulikuwa na wengine waliopenda pasi ya ngumi kabla yake. Ila hakuna aliyeijaribu akiwa nyuma kwa pointi 44 mbele ya watu laki moja na ishirini elfu.

Aliondoka Carlton mwisho wa msimu wa 1971, akakaa mwaka mmoja nje ya ukocha. Klabu ya North Melbourne ikamfuata. Hiyo ilikuwa klabu maskini iliyoingia ligi kuu mwaka 1925 na haijawahi kutwaa ubingwa. Mwaka 1972 ilishinda mechi moja tu msimu mzima. Inasimuliwa kwamba makubaliano ya kumchukua Barassi yaliandikwa kwenye karatasi ya kufutia mikono, mezani kwenye chakula. Wanaofanya biashara kwa kuaminiana watacheka, kisha watauliza nani alibaki na nakala.

Bahati iliwakuta na mlango wazi. Ligi ilikuwa imepitisha kanuni ya muda kwamba mchezaji aliyetumikia klabu moja miaka 10 anaweza kuhamia kwingine bila kuombewa ruhusa. North Melbourne iliwahi kabla wengine hawajaamka. Ilimchukua Doug Wade kutoka Geelong, Barry Davis kutoka Essendon na John Rantall kutoka South Melbourne. Klabu nyingine zilipopiga kelele, kanuni ikafutwa mwaka 1973. Waliovuka walikuwa wameshavuka.

Kuanzia 1974 hadi 1978 North Melbourne ilicheza fainali kuu kila mwaka. Ile ya 1975 iliishinda Hawthorn kwa tofauti ya pointi 55, ubingwa wa kwanza baada ya miaka 50 katika ligi. Mwaka 1977 ilitoka sare na Collingwood, 76 kwa 76. Ikabidi fainali irudiwe wiki iliyofuata, na North Melbourne ikashinda 151 kwa 124. Hapo ndipo Turner, mwanahistoria, alipoamua kwamba mtu huyu anastahili mstari kwenye ramani.

Mwaka 1981 Barassi alirudi nyumbani, Melbourne, kama kocha. Msaliti wa 1964 alipokelewa kama mkombozi. Matokeo hayakusoma historia hiyo: msimu wa kwanza timu ilishinda mechi moja na kushika mkia. Aliondoka baada ya msimu wa 1985 bila kombe. Ukihesabu vikombe tu, ile ilikuwa miaka mitano ya hasara.

Lakini kuna mzigo mmoja alioagiza wakati huo ambao ulifika ukiwa umechelewa. Barassi aliamini kwamba vijana wa Ireland wanaocheza kandanda ya Kigaeli wangeweza kufundishwa mchezo wa Australia, kwa kuwa michezo hiyo miwili inafanana kwa mambo mengi ingawa mpira wa Ireland ni wa duara. Klabu ikatangaza nafasi kule Ireland, vijana wakafanyiwa majaribio Dublin, na mwaka 1984 akapatikana mmoja aliyeitwa Jim Stynes. Watu walicheka. Stynes alijifunza kuupiga mpira uliochongoka kama mtoto anayejifunza kushika kalamu.

Mwaka 1987, Barassi akiwa ameshaondoka, Melbourne ilikuwa sekunde chache kabla ya kuingia fainali kuu ya kwanza tangu 1964. Stynes akakatiza mbele ya mpinzani aliyekuwa anajiandaa kupiga. Mwamuzi akamsogeza mpigaji mita 15 karibu na goli. Mpigaji, Gary Buckenara wa Hawthorn, akafunga baada ya king'ora, na Melbourne ikatoka kwa pointi 2. Mtu mwingine angepanda ndege kurudi Dublin. Stynes alibaki, na mwaka 1991 akatwaa medali ya Brownlow ya mchezaji bora wa ligi. Alicheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi iliyodumu hadi mwaka 2025, na baadaye akawa rais wa klabu. Alifariki mwaka 2012.

Buckenara anarudi tena katika simulizi hii. Mwaka 1993 alikuwa kocha wa Sydney Swans, klabu iliyohamishwa kutoka South Melbourne mwaka 1982 ili kuupeleka mchezo ng'ambo ya mstari. Jogoo la shamba haliwiki mjini, na huyu hakuwika. Timu ilifungwa mechi 26 mfululizo, watazamaji walikimbia, na mazungumzo ya kuifunga kabisa yalikuwa yanafanyika waziwazi. Buckenara akaondolewa katikati ya msimu. Ligi ilihitaji mtu ambaye hata mpenzi wa raga anamfahamu kwa jina. Barassi alikuwa na miaka 57 na alikuwa hajafundisha kwa miaka saba.

Alikubali. Msimu huo Swans ilishinda mechi moja. Hakuwa tena kocha mwenye hila mpya, na hilo halifichiki ukitazama matokeo. Alichokuwa nacho ni jina na sauti. Alikwenda mashuleni, redioni, kwenye chakula cha wafadhili, akiuza mchezo kwa watu ambao hawakuuomba. Mwaka 1995 wakaja mfungaji Tony Lockett kutoka St Kilda na beki Paul Roos kutoka Fitzroy. Lockett alifunga magoli 110 msimu huo, na viti vikaanza kujaa. Mwisho wa mwaka Barassi akakabidhi timu kwa Rodney Eade. Mwaka uliofuata ilicheza fainali kuu. Mwaka 2005 Roos, safari hii akiwa kocha, aliipa ubingwa wa kwanza baada ya miaka 72.

Hesabu yake binafsi ilikuwa imefungwa: mechi 254 kama mchezaji, 515 kama kocha, ubingwa 6 uwanjani na 4 kwenye benchi. Mwaka 1996 aliwekwa katika kundi la kwanza la magwiji wa jumba la kumbukumbu la mchezo huo. Sanamu yake imesimama nje ya MCG. Mkesha wa Mwaka Mpya kuelekea 2009, akiwa na miaka 72, alimwona mwanamke akipigwa mtaani St Kilda, akaenda kumsaidia, naye akapigwa.

Klabu aliyoikuta mahututi Sydney ndiyo iliyompa nafasi ya kwanza ya ligi kuu, mwaka 2016, kijana aitwaye Aliir Aliir. Huyo alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, kwa wazazi waliokimbia vita Sudan Kusini. Alikulia Brisbane, upande wa raga, na kukutana na mchezo huo huko huko. Mwaka 2021, akiwa amehamia Port Adelaide, aliteuliwa katika kikosi bora cha mwaka cha nchi nzima.

Barassi alifariki Septemba 16, 2023 akiwa na miaka 87. Septemba iliyofuata fainali kuu ilichezwa MCG kama ada, na klabu zote mbili zilisafiri kutoka kaskazini ya mstari wake: Brisbane 120, Sydney 60.